Mji Kwanza, Mtu Baadaye

Mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, uliotolewa Marekani mwaka 1991, huifungua historia mwaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mchezaji hupewa walowezi, wajenge mji. Ndipo ustaarabu uanze kuhesabiwa. Walio nje ya mataifa yaliyoteuliwa ni vijiji vya kuokotea zawadi, au washenzi wavamizi.

Dhulma iliyoje! Huko Göbekli Tepe, nchini Uturuki, wawindaji walisimamisha nguzo za mawe zilizochongwa sura za wanyama, zaidi ya miaka 5,000 kabla ya tarehe hiyo. Hawamo. Shairi lililohifadhiwa kifuani nalo halihesabiwi. Alfabeti ndiyo maarifa.

Lakini wapwani wasicheke upesi. Neno hilo "mshenzi" ndilo ambalo miji yao iliwabandika watu wa bara, kwa kipimo kile kile.