Dinari Mbili za Msamaria

Habari ya Msamaria mwema tumeisikia tangu Shule ya Jumapili, na karibu kila mara mahubiri yake hukomea barabarani. Mtu amejeruhiwa, kuhani amepita, Mlawi amepita, Msamaria amesimama. Tunaambiwa tuwe na huruma, tunaitikia amina, tunakwenda nyumbani. Lakini Luka hakuishia hapo. Msamaria aliyafunga majeraha akayatia mafuta na divai. Hiyo ni tiba. Akampandisha juu ya mnyama wake. Huo ni usafiri wa mgonjwa. Akamfikisha nyumba ya wageni akamtunza; hayo ni matunzo. Kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kitakachozidi. Hiyo ni bajeti pamoja na ufuatiliaji wake. Bwana wetu alipouliza ni nani aliyekuwa jirani, aliuliza juu ya kazi hiyo nzima, si juu ya nusu yake.

Sisi wa milima ya Usambara tumezoea nusu.

Tunamkumbuka mama mmoja wa kijiji kilicho mbali na barabara ya lami. Alipata kiharusi. Vijana walimbeba kwa machela ya miti na blanketi mpaka mahali gari linapofika. Alilazwa, akatibiwa, shinikizo la damu likashuka, akaruhusiwa. Kwenye faili, habari yake iliisha vizuri. Nyumbani alipokelewa na mjukuu wa kike wa darasa la sita, kwa maana watoto wake wako Dar es Salaam na Tanga wakitafuta maisha. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule namna ya kumgeuza mgonjwa ili mgongo usichubuke. Wiki chache baadaye vidonda vilianza. Mtoto akawa anakosa shule. Dawa za presha zikaisha, na nauli ya bodaboda ya kufuata nyingine haikuwapo. Aliporudishwa hospitali hakurudishwa kwa kiharusi, alirudishwa kwa vidonda. Sisi wa usharika tulifika, tukaimba, tukaomba, tukaacha sukari na sabuni, tukaondoka. Akafariki. Mazishini tulijaa kuliko tulivyowahi kujaa kitandani kwake.

Hatumlaumu daktari wala muuguzi. Walifanya kazi waliyopangiwa. Tunauliza swali jingine: kati ya lango la hospitali na kitanda cha nyumbani, nani alipangiwa kazi? Jibu ni kwamba hakuna. Wala hiyo si bahati mbaya, na tusiiite mapenzi ya Mungu. Kazi isiyoandikwa katika mpango haipati fedha, na kazi isiyo na fedha haipati mtu wa kuifanya.

Basi tuseme mpango unavyoandikwa, maana wengi wetu hudhani unashuka kutoka Dodoma ukiwa umekamilika. Wilaya yetu ya Lushoto ina halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli. Kila mwaka halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya. Ukomo wa bajeti hutoka juu, lakini zahanati na vituo vya afya huandika mipango yao wenyewe, kisha mipango hiyo huunganishwa wilayani. Fedha hutoka katika ruzuku ya Serikali Kuu, katika Mfuko wa Pamoja wa Afya ulioanza mwaka 1999, katika bima na malipo ya wagonjwa, na katika mapato ya ndani ya halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Na kila kituo kinatakiwa kiwe na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Maana yake, sehemu ya uamuzi iko hapa hapa kijijini, kwa watu tunaokutana nao gulioni.

Tena katika muundo wa halmashauri, afya, ustawi wa jamii na lishe vimewekwa chini ya idara moja. Kwa karatasi, ndoa imefungwa. Lakini mmoja wa wanandoa anakula mezani na mwingine anangoja makombo. Mipango ya vituo hujaa dawa, vifaa, ukarabati na mafunzo, na vyote ni vya lazima. Ustawi wa jamii hukumbukwa mwishoni, kama hukumbukwa. Maofisa wake ni wachache, na hata aliyepo hupandaje Mtae, Rangwi na Mlola kama hana usafiri wala fungu la mafuta? Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nasi tunashukuru. Hata hivyo mhudumu anayefika mlangoni bila glovu, bila dawa ya kusafishia vidonda na bila mtu wa kumpelekea taarifa, atakuwa mgeni mwingine wa kutuletea pole.

Wengine husema bima itamaliza yote. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulichukua shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni mambo mema. Lakini kadi ya bima humlipa anayetibu. Haimlipi anayemwosha mgonjwa, wala haimrudishi shuleni mjukuu wake.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza: kumtunza mzee na mlemavu ni kazi ya ndugu. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa mahali pa kwanza pa matunzo. Nasi tunakubali, hakuna Mkristo atakayetaka baba yake aitwe mzigo wa Serikali. Ila anayeitwika familia mzigo huo aiangalie kwanza familia yenyewe. Mashamba yetu yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande vya mteremkoni, vijana wameshuka mjini, na nyumbani wamebaki bibi na wajukuu. Kusema "ndugu watamtunza" mbele ya mtoto wa miaka 12 si kuheshimu mila. Ni kumwachia mtoto kazi ya watu wazima.

La pili: fedha hakuna. Lakini sheria inaiagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hivyo inawezekana kuagiza fungu na likatengwa. Tatizo ni kwamba mkopo hurejeshwa, na binti anayemlisha mama yake kwa kijiko hana faida atakayoirejesha. Kazi yake haiuzwi sokoni Mombo kama kabichi na karoti zetu. Tunachoomba si jengo jipya wala gari. Ni nauli ya kumtembelea mgonjwa, glovu, sabuni, bandeji, na siku moja kwa mwezi ya kuwafundisha wanaotunza. Halmashauri inayopata ushuru kutokana na jasho la milima hii isituambie kwamba hilo haliwezekani kabla ya kulijadili.

La tatu hutoka kwetu wenyewe, nalo ndilo baya kuliko yote: kwamba kazi ya Kanisa ni sala, bajeti tuwaachie wanasiasa. Tusome tena Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliitisha mkutano, watu wakachagua wahudumu saba kwa majina, wakawakabidhi kazi. Hiyo ilikuwa kamati ya mipango, na mitume waliwawekea mikono. Hawakuona aibu kuchanganya sala na mgawo wa chakula.

Hapa lazima tujihukumu. Kanisa la milima hii lina historia ya kujivunia. Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha ikawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, ambako hata leo mgonjwa hupata dawa na pia kazi ya mikono. Irente wamelelewa watoto wasio na mama, na wasioona wamesoma. Bumbuli kuna hospitali iliyohudumia vizazi. Waliotutangulia walijua kwamba mtu hagawanyiki, mwili kwa daktari na upweke kwa Mungu. Lakini sisi warithi tumeyageuza majina hayo kuwa kisingizio. Tukiulizwa juu ya wanyonge tunanyoosha kidole Irente na Lutindi, kana kwamba kila aliyelala gizani huko Shume na Mlalo ana kitanda kinachomngoja huko. Tena tumezoea dinari za wengine. Rafiki wa ng'ambo akituma fedha, tunafanya diakonia. Asipotuma, diakonia inalala.

Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitia saini makubaliano ya kushirikiana katika huduma za jamii, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Kwa hiyo Kanisa si mgeni mezani. Lakini mara nyingi mezani tumezungumzia ruzuku ya hospitali na mishahara ya watumishi wake. Tumewatetea wagonjwa walio ndani ya kuta zetu na kuwanyamazia walio nje.

Yapo mambo matatu tunayoweza kuyafanya bila kungoja waraka wowote.

Kwanza, orodha. Wazee wa Kanisa wa kila mtaa wanajua nani amelala ndani miezi mingi. Shehe wa msikiti jirani anajua wake, na katika milima hii majirani zetu wengi ni Waislamu. Orodha iwe moja, ya kijiji kizima, ikabidhiwe kwa mganga mfawidhi na mtendaji wa kijiji, kwa siri inayomstahili mgonjwa. Anayeandika majina ya Wakristo peke yao hajaielewa habari ya Msamaria.

Pili, fungu. Wajumbe wetu katika kamati ya zahanati waulize swali moja kabla ya mpango kufungwa: matunzo ya nyumbani yako mstari gani, na yana shilingi ngapi? Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Swali hilo liulizwe na huko, mbele ya watu wote, na jibu liandikwe katika muhtasari.

Tatu, dinari zetu wenyewe. Kila usharika utenge sehemu inayojulikana ya sadaka ya mavuno kwa kazi hiyo hiyo, iingie katika mpango uleule, na hesabu yake ibandikwe mlangoni pa kanisa. Hatuwezi kuidai halmashauri hesabu tusizozitoa sisi. Msamaria hakumwachia mwenye nyumba gharama, wala hakufungua nyumba yake mwenyewe ili ashindane naye. Alilipa kwake, akakubaliana naye, akaahidi kurudi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nasi tumekuwa tukiuliza kila mwaka, mkutano kwa mkutano, kama uji upo, kama ni wa idara hii au ile, kama ni wa Serikali au wa Kanisa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mpango hufungwa miezi kabla ya hapo. Yule mjukuu sasa yuko kwa shangazi yake, na masomo aliyoyakosa hayajarudi. Kijijini kwake wako wengine waliolala. Tuandike majina yao sasa, kabla mpango ujao haujafungwa.