Dhahabu Inaongezeka, Ujirani Je? Tafakuri Kuhusu Furaha ya Wananchi wa Shinyanga na Geita

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Machi 20, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Furaha, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012. Katika kipindi hicho hicho hutolewa Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo hupanga nchi kwa kutumia swali moja. Mwananchi huombwa aiwazie ngazi yenye vipandio kuanzia sifuri hadi 10, kipandio cha juu kikiwa maisha bora kabisa anayoweza kuyapata na cha chini yakiwa maisha mabaya kabisa, kisha aseme yeye amesimama wapi. Katika ripoti ya mwaka 2017, Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 155.

Nafasi hiyo ilitolewa wakati uchumi wa nchi ukikua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, na miaka mitatu baadaye, Julai 2020, Benki ya Dunia iliitambua Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Ni rahisi kuipuuza ripoti ya namna hiyo kwa hoja kwamba furaha ya Mtanzania haipimwi kwa ngazi ya kuwaziwa. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa mtu aliyelelewa kutojisifu mbele ya mgeni hawezi kujiweka kipandio cha tisa hata kama ghala lake limejaa. Hata hivyo, kuipuuza hakulifuti swali lililo nyuma yake: inakuwaje pato likaongezeka na mtu asijione amepanda?

Mchumi wa Marekani, Richard Easterlin, aliliuliza swali hilo mwaka 1974. Aligundua kwamba ndani ya nchi moja, wenye kipato kikubwa hujieleza kuwa na furaha kuliko maskini, lakini nchi nzima inapotajirika kwa miaka mingi, furaha ya wananchi wake haipandi kwa kiwango hicho. Maelezo yake mojawapo ni kwamba binadamu hujipima kwa jirani. Wanaoandaa Ripoti ya Furaha Duniani nao, wanapotafuta sababu za tofauti kati ya nchi na nchi, huangalia pato la kila mtu, miaka ya kuishi akiwa na afya, uhuru wa kujiamulia mambo, ukarimu na rushwa, na pamoja na hayo huuliza jambo ambalo kila Mtanzania analielewa bila kufafanuliwa: ukipatwa na shida, unaye ndugu au rafiki wa kumtegemea?

Kwa hapa nchini, ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kulitafakari swali hilo kuliko ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita.

Dhahabu ya Geita imechimbwa tangu miaka ya 1930. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, yote miwili ikiwa wilayani Kahama. Sekta ya madini, ambayo kwa muda mrefu ililaumiwa kwa kuchangia kidogo, ilifikia asilimia 10.1 ya Pato la Taifa mwaka 2024. Serikali iliifanyia marekebisho Sheria ya Madini mwaka 2017, ikawaondolea wachimbaji wadogo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 mwaka 2019, na Machi mwaka huo ikafungua soko la madini mjini Geita, la kwanza kati ya masoko yaliyofuata katika mikoa mingine.

Takwimu inayoeleza mengi zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni ya watu. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Geita ilitangazwa kuwa mkoa, ilihesabu wakazi 1,739,530. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 2,977,608. Hilo ni ongezeko la asilimia 5.4 kwa mwaka, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 3.2. Shinyanga nayo ilitoka watu 1,534,808 hadi 2,241,299. Kama Geita ingekua kwa kasi ya kawaida ya nchi, ingekuwa na watu pungufu kwa zaidi ya 580,000 kuliko ilionao. Sehemu ya tofauti hiyo ni uzazi, ambao Kanda ya Ziwa uko juu, lakini sehemu nyingine ni watu waliofunga safari. Na kila aliyefunga safari ameacha nyuma shangazi, majirani, chama cha kuzikana na kijiji kinachomjua yeye ni mtoto wa nani. Anapofika machimboni anaweza kuwa na fedha nyingi kuliko alivyopata kuwa nazo, huku akiwa na watu wachache wa kumwamsha usiku kuliko alivyopata kuwa nao.

Katika jamii ya Wasukuma, walio wengi katika mikoa hii, kutegemeana hakukuachwa kuwa hisia tu, kuliwekewa taratibu. Jioni wanaume na vijana walikusanyika kwenye moto wa shikome, wakala pamoja na kupokea mafunzo ya wazee. Vijana walikuwa na makundi yao ya kulima kwa zamu, na ushindani wao ukamalizikia kwenye ngoma za Wagika na Wagalu. Mkutano wa jadi wa dagashida uliamua mambo ya kijiji na adhabu zake, na adhabu nzito kuliko faini ilikuwa kutengwa: kunyimwa moto, kutosalimiwa, kuachwa uzike mwenyewe. Wizi wa mifugo ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni katika eneo hili hili la Kahama na mpaka wake na Nzega ambako sungusungu walizaliwa, wananchi wakijilinda kwa upinde, mshale na filimbi, kabla Serikali haijaurasimisha utaratibu huo.

Kwamba mahusiano hayo yana thamani ya kiuchumi, ushahidi upo Shinyanga yenyewe, na hauhusu dhahabu. Miaka ya 1980 mkoa huo, ambao wakati huo ulijumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo, ulikuwa umeharibika kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Misitu ilifyekwa enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, pamba ikapanuliwa, mifugo ikaongezeka, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni maofisa walikuja na miche ya miti ya kigeni. Mafanikio yalikuja waliporudi kwenye ngitili, yaani utaratibu wa Wasukuma wa kutenga kipande cha malisho kisiguswe hadi kiangazi. Ngitili zilizobaki zilikuwa takriban hekta 600 tu. Ndani ya miaka isiyozidi 20 zilifikia zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800.

Miti hiyo haikulindwa na askari wa misitu, kwa kuwa hawakuwapo wa kutosha. Ililindwa na dagashida na sungusungu, yaani na majirani waliojuana. Tathmini iliyofanyika mwaka 2004 na kuchapishwa mwaka 2005 ilikadiria kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilikuwa takriban dola 14 za Marekani kwa mwezi, kwa kuhesabu kuni, malisho, dawa, asali, matunda na ujenzi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mwezi ya mkazi wa kijijini nchini wakati huo. Mwanamke aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni alizipata karibu na nyumbani, na saa alizookoa zikawa zake.

Machimboni uhusiano wa namna hiyo haukosekani, ila umejengwa juu ya msingi mwingine. Duara moja huwakutanisha mwenye leseni, mwenye duara anayegharimia chakula na matimba ya kuegemeza kuta, na wachimbaji ambao mara nyingi hawalipwi mshahara bali mgawo wa viroba vya mawe. Makubaliano mengi ni ya mdomo. Pamoja na hayo kazi huenda, kwa sababu chini ya ardhi hakuna anayeweza kufanya kazi na mtu asiyemwamini. Oktoba 2015, katika mgodi mdogo wa Nyangalata wilayani Kahama, kifusi kiliwafukia wachimbaji sita. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai Novemba 15, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, wadudu na maji yaliyochuruzika. Siku 41 gizani hazivumiliki na mtu mmoja mmoja.

Tatizo huanza juu ya ardhi. Mkulima wa pamba aliyevuna vizuri, kila jirani anajua kwa nini: alipalilia mapema, alipata mbegu, mvua ilimkubali. Mchimbaji aliyepata mwamba wenye dhahabu hana maelezo ya namna hiyo, na aliyekosa, akiwa amechimba mita chache pembeni kwa miezi sita, hana maelezo pia. Pengo hilo ndilo walilolijaza wapiga ramli chonganishi. Kuanzia mwaka 2007 Taifa lilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, mengi yakiwa Kanda ya Ziwa, na watafiti waliolichambua suala hilo mwaka 2010 waliyahusisha moja kwa moja na imani za bahati miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu. Kabla ya hapo na baada ya hapo, wanawake wazee wa Shinyanga na Geita wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wakati mwingine kwa sababu tu macho yao ni mekundu kutokana na moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, na vyombo vya dola vimewafikisha wahusika mahakamani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kwa kawaida huelezwa kwa hoja ya misitu na mapafu. Katika vijiji hivi una hoja ya tatu.

Si sahihi kudai kwamba fedha ndiyo iliyoleta uovu huo, kwa kuwa tuhuma za uchawi ni za zamani kuliko mgodi wowote. Kilichobadilika ni kwamba utajiri umekuja kwa kasi, bila maelezo, mahali ambapo watu hawajafahamiana vya kutosha kuaminiana.

Kwa mtazamo huo, baadhi ya hatua za kiuchumi za miaka ya karibuni ni hatua za kijamii pia. Soko la madini la Geita huelezwa zaidi kwa mapato ya Serikali. Lakini mchimbaji aliyezoea kuuza dhahabu usiku kwa dalali, kwa mizani ya dalali na bei ya dalali, sasa anaona bei imebandikwa na gramu zake zinapimwa mbele yake. Akirudi kwa wenzake kugawana, ana stakabadhi, na ugomvi mmoja umepungua. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa tatu, lililozinduliwa Juni 19, 2025, limewaondolea wasafiri wa barabara ya Mwanza na Geita kusubiri kivuko. Magari ya mizigo yamefaidika, na waombolezaji pia. Aliyewahi kusimama Busisi na mwili wa marehemu akingoja foleni isogee anafahamu.

Mahali ambapo kazi bado ni kubwa ni kati ya migodi mikubwa na vijiji vinavyoizunguka. Sheria inautaka mgodi uandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Fedha zinazotoka ni nyingi, na madarasa, zahanati na miradi ya maji inaonekana. Lakini kinachochaguliwa huwa ni kile kinachoweza kupigwa picha na kukabidhiwa. Ni nadra mpango kutenga fungu la uwanja wa michezo wa mtaa uliojaa wageni, jengo la kukutania vikundi vya kuweka na kukopa, au posho ya ofisa maendeleo ya jamii apate kuifikia kambi mpya ya wachimbaji kabla haijatimiza mwaka. Kufungwa kwa Buzwagi mwaka 2021, na uamuzi wa kuligeuza eneo lake kuwa eneo maalumu la kiuchumi, kumeonyesha kwamba Serikali imeanza kufikiria maisha baada ya dhahabu. Vikundi vya kijamii vya Kahama vinastahili kuwa sehemu ya fikra hiyo, pamoja na viwanda.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma Julai 17, 2025, inalenga pato la wastani la dola 7,000 kwa kila Mtanzania. Kiwango hicho kitapimwa kila mwaka na wachumi wenye uzoefu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu tayari huingia katika kaya kupitia Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, ikiuliza kuhusu paa, sakafu, chakula na vyombo. Kuongeza swali la kuwa na mtu wa kumtegemea, na jingine la mara ngapi mtu amekula na wenzake wiki iliyopita, kungechukua dakika mbili za mdadisi. Majibu ya Lwamgasa na Nyarugusu yangeweza kuwekwa mezani kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa sambamba na taarifa ya gramu zilizouzwa sokoni, yakajadiliwa siku moja na watu wale wale.