Mlinzi Alalaye Lindoni

Mama apikaye kwa kuni katika makao ya wakimbizi ya Nakivale huutazama moto wake kwa macho yake mwenyewe. Ukizimika, kuni hufuka moshi tu. Katika boila ya kiwanda mjini Mbarara, mambo ni mengine: mwali ukizimika huku vali ikiwa wazi, mafuta au gesi huendelea kumiminika ndani ya tanuri, na cheche moja yatosha kulipasua.

Ndiyo sababu vichomeo vingi huwekewa jicho linalotambua mwali kwa mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana na binadamu. Mwali ukitoweka, vali hufungwa katika muda wa sekunde chache.

Ndugu askari na polisi, mwajua ya kuwa mlinzi asiyekuwapo hugunduliwa upesi. Alalaye na kuripoti "salama" ndiye aangamizaye kambi. Jicho hili nalo laweza kuwa hivyo. Likielekezwa kwenye cheche ya kuwashia badala ya shina la mwali, litaripoti moto usiokuwapo. Waya wake ukipitishwa pamoja na waya wa cheche, wenye maelfu ya volti, litadanganyika. Likichakaa, huweza kuashiria mwali hata gizani. Kwa hiyo boila iwakayo usiku na mchana yastahili jicho lijipimalo lenyewe.

Fundi anayeliruka jicho hilo ili kazi isisimame amemwondoa mlinzi na kuliacha lango wazi. Tupangiwapo zamu kiwandani, tumwulize: mara ya mwisho mlijaribu lini kuzima mwali, na je, vali ilifunga?