Eastlands Yapakua, Itapakia Lini?

Kiswahili hakikukosea kilipoazima maneno ya jikoni na bandarini ili kuueleza ulimwengu wa intaneti. Kupakua ni kutoa chakula chunguni. Kupakia ni kutia shehena chomboni. Maneno hayo mawili yatosha kudhihirisha kasoro ya mitandao ya kebo katika mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Hapana shaka hatua kubwa imepigwa. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu. Mwaka huo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Hata hivyo, bahari hiyo ya data ikifika Buruburu au Umoja hupita katika mfereji mwembamba.

Kebo ya shaba ilibuniwa kupeleka picha za televisheni nyumbani, si kupokea chochote kutoka huko. Ndiyo maana kanuni za DOCSIS zinazoongoza data kwenye kebo, zilizotolewa mwaka 1997, ziliitengea njia ya kupakia masafa ya megahezi 5 hadi 42 tu, ilhali kupakua kulipewa mamia. Isitoshe, nyumba nyingi hutumia njia moja, na mikwaruzo ya umeme ya kila nyumba hukusanyika humo. Jioni wakazi wanaporejea, foleni ya data hushindana na ile ya Barabara ya Jogoo.

Dawa yajulikana: kugawa mtandao ili kila kituo kihudumie nyumba chache, kusogeza nyuzi za kioo karibu na milango, na kupanua masafa ya kupakia. DOCSIS 3.1, ya mwaka 2013, inaruhusu yafike megahezi 204.

Wako watakaodai kwamba wateja hupakua zaidi kuliko kupakia. Ni kweli, lakini asiye na chombo atapakia wapi? Eastlands ndiko wataalamu wengi wanakokutaja kuwa chimbuko la Sheng. Mwanafunzi anayerekodi masimulizi ya wazee wa Kaloleni anahitaji kuyafikisha kwenye hazina ya chuo, si kutazama ya wengine tu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Basi kampuni zinapotangaza kasi, na zitakiwe kutaja zote mbili, ya kupakua na ya kupakia. Na wapenzi wa Kiswahili wawe wa kwanza kuuliza hiyo ya pili.