Acheni Kutuambia "Sistimu Iko Chini"

Kuna sentensi moja ishamrudisha nyumbani karibu kila mtu wa Mombasa, na mimi naitaka ife. "Sistimu iko chini." Umetoka Mtongwe alfajiri, umepanga foleni ya feri, umepanda matatu ya pili, umefika kaunta na karatasi zako zote mkononi. Mtu anakutazama bila hata kuweka kikombe chini: sistimu iko chini, rudi kesho. Kesho unarudi, bado iko chini. Na sisi tunakubali! Tunaguna, tunasema "haya basi," tunaenda zetu, kama tumeambiwa mvua inanyesha.

Wasee, sistimu si mvua. Ni vyuma, kebo na mtu analipwa mshahara kujua ipi imekatika.

Hebu tuongee kuhusu kilicho nyuma ya ule mlango uliofungwa, wenye AC inayovuma hata umeme wa kaunta ukiwa umepotea. Kuna seva. Hiyo ndo mashine inayopokea maombi na kujibu. Lakini kwa ofisi yenye watu wengi, mafaili yako mara nyingi hayakai ndani ya seva. Yanakaa kwenye kabati la peke yake, limejaa diski, na seva kadhaa zinalitumia kwa pamoja. Hiyo ndo storeji ya pamoja. Ina akili yake: seva moja ikifa, nyingine inashika kazi kwa mafaili yaleyale. Katikati yao kuna kebo, za shaba au za faiba, na swichi ya kuziunganisha.

Kwa lugha yetu: seva ni kisiwani, storeji ni Likoni, kebo ni feri.

Sasa feri ikizimika katikati ya mkondo na watu wamejaa ndani, kuna mtu atasimama aseme Likoni iko chini? Likoni iko palepale. Kisiwa kiko palepale. Kila mtoto wa bara anajua kusema feri imekwama, na atakuambia gati gani. Lakini seva ikikosa kuifikia storeji, mtu mzima mwenye tai anasema sistimu nzima iko chini, na hakuna anayemuuliza swali la pili.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Mwaka jana nilikuwa namfuata dada mmoja fundi wa mitandao, mtu wa Kisauni, nikitafuta video ya kazi zake. Akaitwa ofisi moja upande wa bara. Sitaitaja. Mlangoni nikaambiwa kamera hapana, nikabaki kumbebea begi. Siku ya tatu sistimu yao ilikuwa "chini." Viti vya nje vimejaa. Wazee, mama na watoto mgongoni, vijana wa kazi za kibarua waliopoteza siku nzima ya malipo. Ndani, mkubwa wa ofisi tayari ana karatasi ya bei ya seva mpya. Nusu milioni na kitu.

Mkubwa akamwambia, "Binti, pingi inajibu. Kwa hivyo mtandao uko sawa. Hii ni seva imezeeka."

Yeye akauliza tu, "Mzee, hiyo pingi imebeba nini?"

Hapo ndipo nilipenda hii kazi. Pingi ya kawaida ni kipande kidogo sana, kama baiti 64. Ni salamu. Unasema hujambo, upande wa pili unasema sijambo, basi. Lakini seva na storeji hazisalimiani siku nzima, zinabebeana mizigo. Pale walikuwa wameziweka zibebe fremu kubwa za baiti 9000, badala ya 1500 za kawaida, ili kazi iende mbio. Ni sawa kabisa, mafundi wengi wanafanya hivo. Sharti ni moja: kila kitu njiani lazima kikubali ukubwa huo, pamoja na swichi.

Akatuma pingi nyingine, safari hii baiti 8972, na amri ya kuikataza isikatwekatwe vipande. Kwa nini 8972? Kwa sababu baiti 28 zinaliwa na anwani zinazobandikwa juu yake, jumla inakuwa 9000. Kimya. Akashusha hadi 1472. Jibu likaja saa hiyohiyo.

Unakumbuka lile daraja la kuelea la Liwatoni, la wakati wa korona? Watu wa miguu pekee. Ukisimama upande wa pili ukaona watu wanavuka, utasema njia iko wazi, na kweli iko wazi. Sasa jaribu kupitisha trela.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote. Ijumaa mtu alikuwa amebadilisha swichi iliyoharibika, akaweka mpya, akachomeka kebo, taa zikawaka kijani, akaenda zake kuswali. Swichi mpya ilikuwa imetoka dukani na kipimo chake cha kawaida, 1500. Seva ikawa inaingia kwa storeji vizuri, inatambulika, inaona diski zake, kwa sababu mazungumzo ya mwanzo ni madogo. Ikianza tu kuvuta faili, fremu zinafika kwa swichi zinatupwa. Hazirudishwi na ujumbe, hapana. Zinatupwa kimya. Seva inangoja, inajaribu tena, inangoja. Kwenye kaunta skrini inazunguka.

Dada akabadilisha kipimo kwenye swichi. Nilichukua muda mrefu kumaliza soda kuliko yeye kumaliza kazi.

Na sikia hii. Wangenunua ile seva mpya, hali ingekuwa mbaya zaidi. Storeji haifungulii kila anayebisha. Ina orodha ya majina ya seva zilizoruhusiwa, na kila seva imepewa kipande chake cha diski. Kwa zile za iSCSI jina liko kwenye programu, na ukiweka Linux upya jina hubadilika usipolirudisha la zamani. Kwa zile za faiba jina liko kwenye kadi yenyewe. Seva mpya ingebisha kama mgeni, storeji ingesema sikujui, na juu ya hayo swichi bado ingekuwa inatupa mizigo. Nusu milioni imeenda, sistimu bado "iko chini," na mkutano mwingine ungeitwa. Labda wangenunua na storeji mpya kabisa.

Kwa hivyo hasira yangu haiko kwa yule wa kaunta. Yule hajui, na hakuna aliyemwambia. Hasira yangu iko kwa wanaofanya kutojua kuwe utaratibu. Kufuatilia hitilafu ya hivi hakuhitaji uchawi. Unaanza chini unapanda. Taa ya poti inawaka? Kebo imekaa? Swichi inahesabu makosa? Anwani ni zile zile? Poti 3260 ya iSCSI inafunguka? Jina liko kwenye orodha? Mzigo mkubwa unapita? Seva yenyewe inaandika malalamiko yake kwenye kumbukumbu zake kila sekunde, ni kusoma tu. Mtu anayeruka yote hayo akaenda moja kwa moja kwa karatasi ya bei, huyo si fundi. Huyo ananunua.

Wengine watanijibu: mwananchi wa kawaida hataki kujua mambo ya baiti. Uongo. Mwananchi wa kawaida wa Likoni anajua feri ngapi ziko majini leo. Stima ikienda, tunataka kujua ni transfoma au ni matengenezo, na Kenya Power hutangaza mapema mitaa itakayokatiwa kwa matengenezo. Hata chini ya bahari tunaambiwa! Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari yetu iliangusha nanga mahali pasipofaa ikakata kebo ya TEAMS. Tuliambiwa ni kebo gani, na imekatwa na nini. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu siku moja huko kusini, mtandao ukakokota Afrika Mashariki nzima, na mapema tu majina ya kebo yalikuwa kwenye simu zetu. Yaani kebo iliyolala chini ya bahari, mbali huko, mtu anajua imekatikia wapi. Kebo ya mita mbili ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, ofisi yenyewe haijui!

Halafu kuna kisingizio kipya: hakazi. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kweli. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ni wao, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, akakiri kuna shambulio, akasema hakuna data iliyopotea. Maombi ya uongo yalimwagwa mlangoni mpaka ya kweli yakakosa pa kupita. Mpaka tiketi za treni ya Miritini kwenda Nairobi zikaleta shida. Oktoba 2024 Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan. Sawa, hilo lilitokea. Lakini tangu siku hiyo kila ofisi yenye swichi iliyowekwa ovyo imepata wa kulaumu. Kidogo tu, "ni hakazi." Mwanangu, hakazi gani huyo anatoka Sudan kuja kukupunguzia ukubwa wa fremu?

Na tusisahau hii nchi ilishawahi kuimba seva barabarani. 2017, "fungua seva" lilikuwa neno la kila mtu, mpaka wauza mahamri. Mahakama ya Juu iliamuru IEBC itoe nafasi ya kuzikagua kwa kusoma tu, tume haikutii inavyotakiwa, na majaji wakaihesabu dhidi yake walipofuta uchaguzi wa urais Septemba mosi. Mimi nachukulia ile kuwa somo letu kubwa la teknolojia: kutofungua chumba ni jibu pia, na mahakama inaweza kulisoma. Ila tulipomaliza kuimba tulirudi kwenye foleni, na seva za huku chini, za cheti cha kuzaliwa na kadi ya hospitali, hakuna anayedai zifunguliwe. Zile ndizo zinazotugusa kila wiki.

Sasa njia ya pili. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Storeji za ofisi nyingi huja na kontrola mbili. Seva ina poti mbili. Maana yake ni uweke kebo mbili, swichi mbili, ili moja ikifa nyingine ibebe bila mtu wa kaunta kujua kumetokea nini. Linux ina programu ya kazi hiyohiyo, na amri moja, multipath -ll, inakuonyesha njia ipi iko hai na ipi imekufa. Pale ofisini kulikuwa na kebo mbili kweli. Zote zimechomekwa kwenye swichi moja. Hiyo ni kuwa na feri saba na gati moja.

Watu wa Mombasa hatuhitaji mtu wa kutufundisha hili. Kwa miaka mtu wa Likoni mwenye gari alikuwa na feri au kuzunguka mbali kabisa. Ndiyo maana Dongo Kundu ilipigiwa kelele hivo. Ndiyo maana mtu wa Kisauni akisikia ajali Daraja la Nyali anashika kichwa, ana daraja moja tu la kwenda kisiwani. Tunajua katika mifupa maana ya njia moja. Kisha tunajenga sistimu za watu haohao kwa njia moja, na tunaandika kwenye zabuni kwamba ziko mbili.

Gharama ya hii inalipwa na nani? Muulize ajenti wa forodha yeyote pale Changamwe kama siku za bure za kontena husimama sistimu ikisimama. Muulize mgonjwa aliyeambiwa alipe taslimu kwanza, sistimu ikirudi ataona. Anayesema "rudi kesho" halipi nauli ya kesho.

Nataka vitu viwili, na si vya ajabu. Cha kwanza, sistimu ikisimama zaidi ya saa moja, kaunta iwe na karatasi imeandikwa nini kimekatika, tangu saa ngapi, na nani anashughulikia. Hata kama ni maneno matano: "Seva haiifikii storeji, tangu saa tatu." Cha pili, kila ofisi inayosema ina njia mbili ichomoe moja, mchana, watu wakiona. Ikiendelea kufanya kazi, nitakuja na keki. Ile ofisi niliyoenda, dada aliwashauri hivo kabla hatujaondoka. Wakasema watalipeleka kwenye mkutano.

Kwenye maoni hapo chini andikeni maneno mliyoambiwa kaunta, neno kwa neno, na siku ngapi mlirudishwa. Msiweke picha za karatasi zenu wala nambari za vitambulisho. Nitayakusanya mpaka Ijumaa.