Wa Kwanza Kujua Si Daktari



Jioni moja ya Mei 2020, watu wakikimbizana kufika makwao kabla ya kafyu ya saa moja, mama mmoja anayeuza majani ya muguka kwenye kona ya mtaa wetu hapa Kilifi alibisha hodi kwa wifi yangu. Hakuja kudai deni. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaifungua kanga yake kiunoni, akaifunga tena, kisha akasema: "Mama, mwanao siku hizi hununua mara tatu kwa siku. Mie nauza, ndiyo riziki yangu, lakini huyu amenitia hofu. Hali, hacheki na mtu. Mwangalieni."

Mwana huyo ni wa kaka yangu. Alikuwa na miaka 21, mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha bara. Baba yake, mama yake, na mimi shangazi yake ninayeishi nao ukuta kwa ukuta, hatukuwa tumeona kitu. Tulimwona akilala hadi adhuhuri tukasema ni uvivu. Tulimwona hagusi sahani tukasema chakula cha nyumbani kimemkinai, kazoea vya mjini. Usiku nilikuwa nikisikia nyayo zake uani, huku na huko, saa nane, saa tisa, nikageuka upande wa pili nikalala. Aliyeona ni muuza muguka.

Tangu siku ile nimeshika neno moja, na ndilo linalonifanya niwaandikie: kijana wa chuo anapoanza kuzama, wa kwanza kujua si daktari, si mkuu wa chuo, na mara nyingi si mzazi. Ni yule anayemuuzia, anayelala naye chumba kimoja, anayembeba kwenye bodaboda, anayempikia chapati kwa mkopo, anayemdai kodi. Yaani ni sisi. Na mwaka 2020, wengi wetu tulijua tukanyamaza.

Tukumbuke ilivyokuwa. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Siku tano. Makomredi, yaani wanafunzi wa vyuo, wakafungasha magodoro na majiko ya gesi, wakajazana steji. Mwanetu alishuka Kilifi na begi moja mgongoni, akatuambia ni mapumziko ya wiki chache tu. Tarehe 25 ndege za kimataifa zikasimamishwa, na huku kwetu ndege zikikosa kuja, hoteli hazina mgeni. Kaka yangu, mpishi wa hoteli kule Watamu, akarudishwa nyumbani bila mshahara. Tarehe 27 kafyu ikaanza. Tarehe 8 Aprili Kilifi, Mombasa na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hadi Juni kwa Kilifi na Kwale, na Julai kwa Mombasa. Katika nyumba ya vyumba viwili wakawa baba asiye na kazi na mwana asiye na masomo, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Masomo ya mtandaoni yalikuwapo, kwa mwenye uwezo. Mwanetu alikuwa akipanda kwenye tangi la maji la jirani, simu mkononi, kutafuta mtandao. Bando likiisha katikati ya kipindi, alishuka polepole akakaa chini ya mwembe, asiseme kitu. Kisha Julai Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba masomo ya ana kwa ana vyuoni yangesubiri hadi Januari 2021. Baadaye baadhi walirudi mapema kwa awamu, lakini siku ile ya tangazo hakuna aliyejua hilo. Nilimwona akilisoma kwenye simu. Alilisoma, akaizima simu, akatoka.

Baa zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Pombe haikufungwa. Ilihamia majumbani, vichochoroni, na kwenye mangwe za mnazi ambazo hazikuwahi kungoja leseni ya mtu. Muguka nao, kwa kijana asiye na kitu, ni rahisi kuliko sahani ya wali.

Hapa naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu wazazi wengi tunauona ule mfuko wa majani tukadhani ni mchezo wa barazani. Muguka na miraa ni ndugu. Ndani ya jani bichi mna kemikali inayoamsha ubongo, na inafanya kazi kweli: uchovu unaondoka, maneno yanatiririka, njaa inakatika. Ndiyo maana komredi huutafuna wakati wa mitihani. Lakini stimu ikishuka, humshusha mtu chini zaidi ya pale alipoanzia. Usingizi hauji. Moyo unakwenda mbio, fikra mbaya zinarudi zikiwa na marafiki zake. Basi anatafuta cha kumtuliza: mnazi, chang'aa, bangi, au tembe za usingizi zinazouzwa kwa siri bila karatasi ya daktari. Analala alfajiri, anaamka mchana kichwa kizito, na dawa ya kichwa kizito ni muguka. Gurudumu hilo likizunguka miezi mitatu, hakuna tena wa kujua lipi lilianza, huzuni au majani. Mwanetu alikuja kuniambia baadaye: "Shangazi, mie sikuwa natafuta raha. Nilikuwa natafuta usiku uishe."

Nami, Mungu anisamehe, alipojaribu kuniambia mara ya kwanza kwamba halali, nilimjibu aamke mapema aswali na aache simu.

Wala hayakuwa ya nyumba yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana ni miongoni mwa walioumia zaidi. Hapa nchini, jopo la wataalamu lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikabidhi ripoti yake mwaka huo huo wa 2020, likaomba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikuta mtu mmoja kati ya kila sita, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Hesabuni watu waliopanda nanyi matatu asubuhi.

Mtasema korona imepita. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, barakoa tumezitupa. Lakini vyuo havijaacha kufungwa. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma Septemba hadi Novemba, siku 49. Siku hizo zote maelfu ya vijana walikaa kwenye vyumba vya kupanga, hawana darasa, hawana nauli ya kurudi kwao, hawajui kesho. Hiyo ni 2020 nyingine bila barakoa. Na itakuja tena, kwa mgomo, kwa maandamano, kwa maradhi mengine. Je, tumejipanga vipi? Tangu mwaka ule wa korona, mtaa upi umekaa ukaulizana nani atamjulia hali mwanafunzi chuo kikifungwa?

Tunalo tayari la kuanzia. Tuna Nyumba Kumi. Iliundwa ili tuwajue majirani zetu kwa ajili ya usalama, na mitaa mingi imebaki kuwa ya kuripoti wageni. Naomba, katika kila mji wa chuo, iwe Kilifi, Juja, Njoro, Maseno au Kesses, Nyumba Kumi ibebe na hili: kijana aliyepanga peke yake asipoonekana siku mbili, mtu abishe mlango wake. Abishe kama jirani. Asije na askari, asije na mahubiri, aje na kikombe cha chai. Wenye nyumba, mnazo namba za simu za wapangaji wenu kwa ajili ya kodi. Zitumieni siku moja kuuliza, "Umekula?" Mabodaboda, mnajua nani mnampeleka wapi usiku wa manane. Mwambieni rafiki yake. Mama wa chapati, wewe ndiye unayejua nani ameacha kula.

Makomredi, nanyi. Mwenzenu akianza kukwepa simu, msimtoe kwenye kundi la WhatsApp mkacheka. Kilichomshika mwanetu asizame kabisa ni kijana mmoja wa chumba chake cha chuoni, mtoto wa fundi baiskeli kule Busia, aliyekuwa akimpigia simu kila siku saa kumi jioni. Hawakuzungumza la maana. Walibishana mpira uliosimamishwa. Lakini mwanetu alijua saa kumi ikifika simu italia, akawa macho saa kumi. Kwa wiki kadhaa hilo ndilo jambo pekee lililokuwa na saa katika siku yake.

Wazazi wenzangu, tuondoe hofu ya polisi na aibu ya jirani. Kwa miaka mingi familia zilimficha kijana aliyejaribu kujitoa uhai kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Basi hakuna sababu ya kumfungia chumbani mtu anayehitaji hospitali. NACADA wana namba 1192, na Msalaba Mwekundu 1199. Zote ni za bure, hata kwa simu isiyo na salio. Ziandikeni kwa kalamu nzito mlangoni, kwenye kibanda cha M-Pesa, nyuma ya kiti cha tuktuk. Mwanetu alisaidiwa na muuguzi wa zahanati, mwanamke mpole aliyemsikiliza saa nzima kabla ya kuandika chochote, kisha akampa barua ya kwenda kwa mtaalamu. Hakuanza kwa kumwambia aache. Alimuuliza usiku wake unakuwaje.

Liko pia la kudai, na hili halifanywi na mtu mmoja. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho, inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule za watoto wa chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo. Kijana akitimiza miaka 18 na kupata barua ya kujiunga na chuo, kinga hiyo inamwisha, na mlevi wa miaka 19 anaanza kulelewa langoni. Leseni za vileo ni kazi ya kaunti, Katiba imesema. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka. Basi tuandike ombi, kila kaunti yenye chuo, tulitie saini wapangaji na wenye nyumba, wahadhiri na wapishi, tulipeleke kwenye bunge la kaunti: umbali ule ule uwekwe kwa vyuo. Na tuwadai wakuu wa vyuo jambo moja jepesi: siku chuo kinapofungwa, kila mwanafunzi aondoke na jina na namba ya mshauri atakayempigia ndani ya wiki ya kwanza. Mshauri ndiye apige. Aliyezama hapigi simu.

Wako watakaosema tupige marufuku muguka wote tumalize. Nawaelewa, nami naona machungu ya Pwani. Lakini Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walijaribu, wakulima wa muguka wa Embu wakaenda kortini, na amri zikasimamishwa. Ugomvi huo utaendelea miaka. Kijana aliye uani saa tisa usiku hawezi kuungoja. Na mimi, ninayeuchukia muguka kwa yale uliyoyafanya nyumbani kwetu, siwezi kusahau nani alibisha hodi jioni ile. Angekuwa amefukuzwa pale konani, pengine kijana angepata kwingine, kwa mtu asiyemjua mama yake.

Mwanetu alirudi chuoni akiwa amechelewa mwaka mzima. Amehitimu. Bado ana usiku mbaya, na akiwa nao hunipigia simu, nami siku hizi siulizi kuhusu swala kwanza.

Hapa mtaani kwetu tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya alasiri, kwenye baraza la nyumba yangu. Tumeanza kuandika lile ombi. Fanyeni vivyo hivyo kwenu, msingoje chifu awaite. Kila anayekuja, aje na jina la mwanafunzi mmoja atakayempigia simu kesho yake. Mama wa muguka amesema atakuja, naye ana majina matatu.