Lumbesa humuumiza mkulima mfukoni, mpakiaji shingoni

MSIMU wa mavuno unapofika, magari ya wafanyabiashara huingia Masanze na kata nyingine zilizo kati ya Kilosa na Mikumi kufuata mahindi, mpunga na ufuta. Mjadala mkubwa wakati huo huwa ni bei ya gunia. Ni mara chache watu huuliza gunia hilo lina kilo ngapi, na ni mara chache zaidi huuliza linapita kwenye shingo ya nani.

Maumivu ya shingo na mgongo wa juu yamezoeleka kuonekana kama ugonjwa wa watu wa ofisini, wanaoshinda wameinama mbele ya kompyuta. Ni kweli wanaumia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na kila kinapoinamia mbele misuli ya shingo na mabega hulazimika kukishikilia muda wote.

Lakini kama uzito wa kichwa chake mwenyewe unamtesa karani aliyeketi kwenye kiti, hali ya mpakiaji anayetwishwa gunia la kilo 100 mabegani, kichwa kikiwa kimesukumwa mbele, ni mbaya zaidi. Mzigo huo hukandamiza pingili za shingo na mgongo na kuichosha misuli. Ukizidi, unaweza kubana mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka gunia la mazao ya shambani lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa msingi huo. Hata hivyo, kilo 100 ni kikomo cha biashara, si kikomo cha mwili wa binadamu. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanamume mzima ukizidi kilo 55 upunguzwe haraka iwezekanavyo. Kwa maana hiyo, hata gunia halali ni karibu mara mbili ya kiwango hicho, bila kuhesabu kilemba cha lumbesa.

Kwa nini basi gunia linazidi kunenepa? Jibu ni kwamba malipo mengi huhesabiwa kwa gunia. Mnunuzi hununua kwa gunia, msafirishaji hutoza kwa gunia na mpakiaji hulipwa kwa gunia. Kila kilo inayoongezwa ni faida ya mnunuzi. Mkulima anayeongeza kilo 20 kwa bei ileile huwa ametoa gunia zima la bure kila anapouza magunia matano. Naye mpakiaji amebeba kilo hizo 20 bila kuongezewa senti.

Akiumia, hasara ni yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri. Kibarua wa kupakia magunia ya leo kwa huyu na kesho kwa yule mara nyingi hana mwajiri wa kumchangia.

Jambo la kushangaza ni kwamba saruji na mbolea huingia vijijini kwa mifuko ya kilo 50. Wenye viwanda wameweza, na biashara yao haijafa. Mazao yanayotoka kijijini hayana sababu ya kubaki nyuma.

Wapo watakaosema magunia madogo yataongeza gharama. Ni kweli vifungashio vitaongezeka, lakini mkulima alinganishe gharama hiyo na kilo anazotoa bure kila msimu. Dawa ya msingi ni kuuza kwa kilo mbele ya mzani uliohakikiwa, kama inavyofanyika katika stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005. Malipo ya mpakiaji nayo yahesabiwe kwa kilo, ili gunia dogo lisimpunguzie kipato. Mnunuzi akilipia kila kilo, hatakuwa na sababu ya kutaka gunia lenye kilemba.

Wakati hayo yakisubiriwa, gunia zito linyanyuliwe na watu wawili, magoti yakiwa yamekunjwa na mzigo ukiwa karibu na mwili. Toroli itumike panapopitika. Mwenye ganzi mikononi, mkono uliolegea au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni aende kituo cha afya mapema badala ya kutegemea dawa za maumivu za dukani.

Vyama vya ushirika na serikali za vijiji vinaweza kuanza msimu ujao: mzani mmoja sehemu ya kuuzia, bei itangazwe kwa kilo, na gunia lisizidi kilo 50. Mkulima atapata haki yake, na mpakiaji atabaki na shingo ya kumfanyia kazi msimu unaofuata.